ANTHONY FOKKER: MUUNDA NDEGE NA SIRI YA GUNDI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi, hata wengine wetu tunaitia mahali isipohitajika. Lakini yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yote, tangu ujana hadi kifo, yaliizunguka methali hii kama nondo azungukavyo taa. Mtu huyo ni Anthony Fokker, Mholanzi aliyeunda ndege.

Huenda msomaji akauliza, je, Mholanzi huyu anatuhusu nini sisi wa Kyuso? Jina lake halikuwa geni katika nchi hii. Shirika la East African Airways lilirusha ndege aina ya Fokker Friendship tangu miaka ya 1960, na Kenya Airways ikazirithi, kisha ikanunua Fokker 50. Wazazi wetu waliobahatika kupanda ndege kwenda Mombasa au Kisumu miaka hiyo, wengi wao walipanda Fokker. Tena, yeyote kati yetu aliyewahi kutengeneza gari la waya au ndege ya mabati ya mkebe ni ndugu yake Fokker kwa kazi. Naam, tumfuate basi tangu mwanzo.

UTOTO WAKE

Anthony Fokker alizaliwa tarehe 6 Aprili 1890 katika kisiwa cha Java, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Waholanzi na ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Baba yake, Herman Fokker, alikuwa na shamba la kahawa. Mtoto alipofika umri wa miaka minne, familia ilirudi Uholanzi na kukaa katika mji wa Haarlem ili watoto wapate shule.

Walimu wetu watanisamehe kwa hili, lakini ukweli lazima usemwe: shule na Fokker havikupatana. Darasani alikuwa mzito, na shule ya sekondari hakuimaliza. Akitoka shuleni alipanda chumba cha juu cha nyumba yao, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitengeneza treni ndogo, mashine za mvuke na ndege za karatasi. Wakati mmoja alitumia muda mrefu kubuni gurudumu la gari lisilopata pancha, akaja kugundua kwamba mtu mwingine ameshalisajili wazo hilo. Kazi ikaenda bure, lakini mkono ulikuwa umezoea kazi.

Mwaka 1910 baba yake alimpeleka Ujerumani akasomee ufundi wa magari. Kijana alifika huko, akaona kuna chuo kinachofundisha kuunda magari na kuruka angani, akahamia huko. Akiwa na miaka 20 tu aliunda ndege yake ya kwanza. Ilikuwa na nyaya nyingi zilizovutwa huku na huku kama utando, kwa hiyo ikaitwa Spin, yaani buibui. Buibui wa kwanza hakuishi sana. Mshirika wake aliirusha, akaigonga kwenye mti. Fokker hakukata tamaa. Akaunda ya pili, na kwa hiyo akapata leseni ya urubani tarehe 16 Mei 1911.

Miezi mitatu baadaye alirudi nyumbani na Buibui wa tatu. Tarehe 31 Agosti 1911, siku ya kuzaliwa kwa Malkia wa Uholanzi, aliruka juu ya Haarlem na kuuzunguka mnara wa kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Watu waliojua kwamba mwana wa Mzee Fokker ni wa kufeli tu, siku hiyo walitazama juu mpaka shingo zikauma.

VITA VYA KWANZA VYA DUNIA

Mwaka 1912 Fokker alianzisha kampuni yake karibu na Berlin, na mwaka uliofuata akaihamishia Schwerin, kaskazini mwa Ujerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914, nchi yake ya Uholanzi haikuwa upande wowote. Lakini karakana yake ilikuwa Ujerumani, na mnunuzi mwenye fedha alikuwa jeshi la Ujerumani. Fokker akauza.

Tatizo kubwa la marubani wakati ule lilikuwa moja: utapigaje bunduki ya rashasha mbele yako bila risasi kuivunja propela ya ndege yako mwenyewe? Mfaransa Roland Garros alibandika vipande vya chuma kwenye propela ili risasi ikigonga iruke kando. Tarehe 18 Aprili 1915 Garros alilazimika kutua upande wa Wajerumani, na ndege yake ikakamatwa. Wajerumani wakamwita Fokker waone kama anaweza kufanya hivyo hivyo.

Mafundi wa Fokker walileta jambo lililo bora zaidi. Waliunganisha injini na bunduki kwa fimbo za chuma, hivi kwamba bunduki ilinyamaza kila mara ubao wa propela ulipopita mbele ya mtutu. Baadaye Fokker alidai kuwa aliifanya kazi hiyo kwa saa 48 tu. Wanahistoria wameonyesha kwamba mafundi wake walikuwa wakilishughulikia jambo hilo tangu kabla ya ndege ya Garros kukamatwa, na kwamba mhandisi mwingine, Franz Schneider, alikuwa amesajili wazo kama hilo mwaka 1913. Jamaa huyu alipenda sifa, hilo hatuwezi kulificha.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1931, Fokker alisimulia kwamba jeshi lilimtaka yeye mwenyewe apande na kuangusha ndege ya adui ili kuthibitisha kifaa chake. Anasema aliruka, akamwona Mfaransa mbele yake, kisha mkono ukakataa. Akatua na kuwaambia wakubwa watafute mtu mwingine. Mtu mwingine alipatikana upesi. Kuanzia Julai 1915 ndege za Uingereza na Ufaransa zilianguka kama kumbikumbi baada ya mvua. Hapa msomaji ajiulize mwenyewe: yule anayekataa kufyatua risasi lakini anauza bunduki, mikono yake ni safi?

Vita hivyo havikuwa vya mbali tu. Wanaume wengi wa Ukambani walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, na jina la Kariakoo au Kariokor linatukumbusha hadi leo. Ndege nazo zilifika. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za majini aina ya Sopwith ili ziitafute manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, iliyojificha katika mto Rufiji. Joto la pwani yetu likazishinda. Gundi iliachia, mbao zikapinda, ndege zikashindwa kunyanyuka na mabomu. Ilibidi ziletwe nyingine, na hizo ndizo zilizoongoza mizinga hadi Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mwaka 1916 kikosi kingine cha ndege kilikuwa Mbuyuni, upande wa Taita. Kumbuka neno hilo gundi, maana tutalirudia.

NDEGE YA MABAWA MATATU

Mwaka 1917 Waingereza walikuwa na ndege yenye mabawa ya ngazi tatu, moja juu ya jingine. Wajerumani nao wakataka yao. Fokker na fundi wake Reinhold Platz, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuchomelea vyuma, wakaunda ndege iliyoitwa Dr.I. Sifa nyingi za ndege za Fokker zilimwendea yeye mwenye kampuni, na hata leo wanahistoria wanabishana ni kazi kiasi gani ilikuwa ya Platz.

Ilikuwa ndege ndogo. Upana wa mabawa yake haukuzidi mita 7.2, na urefu wake ulikuwa chini ya mita 6. Ingeweza kukaa ndani ya darasa letu ikiwa mtabomoa ukuta mmoja. Ikiwa na rubani na mafuta ilikuwa na uzito wa kilo 586 hivi. Mwili wake ulikuwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa yalikuwa ya mbao na plaiwudi, na juu yake ilivikwa kitambaa cha kitani. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 110, na la ajabu ni kwamba injini nzima ilizunguka pamoja na propela. Mafuta yake ya kulainisha yalikuwa ya mbarika, ile ile mbarika inayoota kando ya njia zetu.

Ndege hii haikuwa na kasi sana, lakini ilipanda juu upesi na kugeuka kama mbayuwayu. Zilitengenezwa 320 tu. Aliyeipa jina kubwa kuliko wote ni rubani Manfred von Richthofen, aliyeangusha ndege 80 za adui kwa jumla, ingawa nyingi kati ya hizo aliziangusha akiwa na ndege za aina nyingine. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1918 akiwa ndani ya Dr.I nyekundu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo jingine. Tarehe 30 Oktoba 1917 rubani Heinrich Gontermann alikuwa akijizoeza na ndege yake mpya. Hapakuwa na adui. Bawa la juu likaanza kubomoka lenyewe hewani. Ndege ikaanguka, naye akafariki kutokana na majeraha. Kesho yake rubani mwingine, Günther Pastor, alikufa vivyo hivyo. Jeshi likazizuia ndege zote zisiruke na kuunda tume ya uchunguzi.

Tume ilifungua mabawa. Ndani ilikuta unyevu umeingia, vanishi imepakwa vibaya au haikupakwa, na gundi imeachia. Nje palikuwa pamepakwa rangi safi ya kupendeza! Fokker aliamriwa ayatengeneze upya mabawa kwa gharama yake na kukagua kila kazi. Baadaye, mwaka 1929, watafiti wa Marekani waligundua pia kwamba katika ndege ya aina hiyo bawa la juu hubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko la chini, jambo ambalo mwaka 1917 halikujulikana. Kwa hiyo bawa lililofanyiwa kazi ya ovyo ndilo lililokuwa na mzigo mkubwa.

Je, alijifunza? Mwaka 1918 alitoa ndege ya D.VII, iliyokuwa bora sana, hata katika mkataba wa kusimamisha vita wa tarehe 11 Novemba 1918 ilitajwa kwa jina kwamba Wajerumani waikabidhi. Lakini Agosti ya mwaka huo huo ndege yake nyingine, E.V, ilianza kuvunjika bawa. Mabawa hayo yalitengenezwa katika kiwanda cha Perzina, kilichokuwa kikiunda piano. Wachunguzi wakakuta tena kazi mbovu na mbao zilizooza kwa unyevu. Marubani walikuwa wamekwisha kufa.

KURUDI NYUMBANI NA KWENDA MAREKANI

Vita vilipokwisha, Fokker alifanya ujanja ambao hata Sungura wa hadithi zetu angeuonea wivu. Badala ya kuziacha mali zake ziharibiwe, alipakia ndege na injini kwa mamia kwenye treni na kuzivusha mpaka hadi Uholanzi. Mwaka 1919 akaanzisha kampuni mpya huko.

Sasa aliunda ndege za abiria. Mwaka 1924 ndege yake aina ya F.VII iliruka kutoka Amsterdam hadi Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, katika kisiwa kile kile alichozaliwa. Mwaka 1928 Charles Kingsford Smith na wenzake walivuka bahari ya Pasifiki kwa Fokker, na mwaka huo huo Amelia Earhart akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege, akiwa abiria ndani ya Fokker. Fokker mwenyewe alihamia Marekani, akawa tajiri na mwenye jina.

Kisha gundi ikamfuata hadi huko. Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya Fokker F.10 ya shirika la TWA ilianguka huko Kansas na kuua watu wote 8, pamoja na Knute Rockne, kocha aliyependwa na Marekani nzima. Bawa lilikuwa limevunjika. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya bawa la mbao na kuila gundi, mahali ambapo jicho la mkaguzi halingeweza kufika bila kulifungua. Serikali ilizizuia ndege hizo kwa muda na kutaka ukaguzi mkali. Mashirika yakazikimbia ndege za mbao na kutaka za chuma. Mwaka huo Fokker akaachana na kampuni yake ya Marekani.

Alikufa New York tarehe 23 Desemba 1939 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, akiwa na miaka 49. Alikuwa ameoa mara mbili lakini hakuacha mtoto. Majivu yake yalizikwa Uholanzi. Kampuni yenye jina lake iliendelea bila yeye hadi ilipofilisika mwaka 1996.

NDEGE ZILIZOZALIWA UPYA

Hadithi ingeishia hapo, lakini kuna sehemu ambayo mimi naiona tamu kuliko zote. Katika ndege zile 320 za mabawa matatu, leo hakuna hata moja iliyobaki nzima. Ya Richthofen ilinyofolewa vipande na askari waliotaka kumbukumbu. Vipande vyake viko Australia na Kanada. Nyingine aliyowahi kuirusha iliwekwa katika jumba la makumbusho la Berlin, nayo ikaangamia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona Dr.I ikiruka katika miaka yetu, ujue ameona nakala.

Nakala hizo si vitu vya kuchezea. Ni ndege za ukubwa kamili, zinazobeba mtu. Cole Palen alitengeneza yake katika uwanja wake wa Old Rhinebeck, jimbo la New York. Kwa ajili ya filamu ya The Blue Max ya mwaka 1966 ziliundwa nakala mbili huko Ujerumani. New Zealand kuna mafundi wa The Vintage Aviator ambao wanaunda hata injini mpya zinazozunguka kama zile za kale.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko kuunda ndege mpya. Michoro mingi ya kiwandani imepotea. Mafundi hutegemea picha za zamani, vipande vya mabaki, na vipimo vya Waingereza walioikamata Dr.I moja Januari 1918 na kuandika taarifa yake. Wanapima kwenye picha kivuli cha ubavu wa bawa. Wanahesabu meno ya plaiwudi iliyokatwa kama msumeno nyuma ya ukingo wa mbele. Wanajua kwamba ukingo wa nyuma ulikuwa waya tu, na kitambaa kilipokauka kiliuvuta ukawa na mawimbi. Basi nao wanaweka waya, wanavisha kitani, wanangoja mawimbi yajitokeze yenyewe.

Halafu wanafika kwenye swali gumu. Nakala sahihi ni ipi? Ukitaka kufuata kila kitu kama kilivyokuwa, basi ufuate na gundi mbaya na unyevu. Hakuna fundi mwenye akili anayefanya hivyo. Wote hutumia gundi ya kisasa isiyoogopa maji, na hupaka vanishi ndani ya kila boriti mahali ambapo mtazamaji hataona kamwe. Wengi pia hutia injini ya kisasa, kwa sababu ile ya kale ni adimu. Kwa nje nakala inafanana na ndege ya Fokker kama pacha. Kwa ndani imemshinda.

FUNZO KWETU

Sisi Wakamba tunajulikana kwa kuchonga, na vinyago vya Wamunyu vimefika Ulaya na Marekani. Hapa Kyuso mafundi wetu wanaujua mti wa mukau. Wanajua kuwa ukiupasua leo na kutengeneza mlango kesho, mti ukiwa bado mbichi, mlango utapinda hata ukiupaka rangi ya dhahabu. Jambo hilo Fokker alilijua pia; alikuwa fundi tangu utotoni. Kasoro yake haikuwa kutojua, bali haraka ya kuuza, na kumwachia mwingine akague pale ambapo macho hayafiki.

Wanafunzi wenzangu, tusimkumbuke kama shetani wala malaika. Kijana aliyefeli darasani akauzunguka mnara wa Haarlem kwa ndege ya mikono yake, huyo anastahili heshima, na wenye alama ndogo wasikate tamaa. Lakini Gontermann na Pastor hawakuuawa na adui. Waliuawa na kazi iliyofichwa chini ya rangi nzuri. Kesho baadhi yetu watakuwa mafundi wa mabirika ya maji, wajenzi wa madarasa, wauguzi, walimu. Kila kazi ina ndani yake, mahali ambapo mkaguzi hafiki. Ukifika hapo, paka vanishi.